Taarifa za wanafunzi Kenya na Tanzania: shule yako ifuate utaratibu upi?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka Tanzania, yeyote mwenye simu anaingia tovuti ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, anachagua mkoa, halmashauri na shule, kisha anasoma matokeo ya darasa zima. Kwa miaka mingi kurasa hizo zimebeba jina kamili la mtoto, jinsi yake na daraja alilopata kila somo. Kenya mambo ni tofauti. Tovuti ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, haikuoneshi kitu mpaka uandike namba ya mtihani na jina la mtahiniwa kama lilivyosajiliwa, na ukishaandika unaona ya huyo mmoja tu.

Shule haiwezi kuibadilisha NECTA wala KNEC. Lakini kila shule hutangaza matokeo yake ya muhula, hutunza majalada, hupiga picha za mahafali na kuwatumia wazazi ujumbe, na hapo uamuzi ni wake. Mwalimu mkuu, meneja wa shule binafsi au mjumbe wa bodi akilinganisha nchi hizi mbili atapata cha kuiga kila upande, na cha kuepuka pia.

Sheria kwa ufupi

| | Kenya | Tanzania |
|---|---|---|
| Sheria | Sheria ya Ulinzi wa Data, 2019 | Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022. Ilianza kutumika 1 Mei 2023 |
| Msimamizi | Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data | Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi |
| Usajili | Taasisi ya elimu hujisajili hata ikiwa ndogo. Cheti hudumu miezi 24 | Kila mkusanyaji na mchakataji hujisajili. Cheti hudumu miaka 5 |
| Afisa wa ulinzi wa taarifa | Hutegemea aina ya kazi. Taasisi kadhaa zaweza kushirikiana mmoja | Lazima ateuliwe |
| Taarifa zikivuja | Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 | Tume iarifiwe bila kuchelewa |
| Kikomo cha faini ya msimamizi | KSh 5,000,000 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ipi iliyo ndogo | TSh 100,000,000 |

Mstari wa usajili ndio unaowaponza wengi Kenya. Kanuni za 2021 zinasamehe taasisi yenye mapato chini ya KSh 5,000,000 na wafanyakazi chini ya 10, kwa hiyo mwenye shule ndogo ya chekechea hudhani amepona. Hajapona, kwa sababu kuendesha taasisi ya elimu ni miongoni mwa kazi zilizoondolewa kwenye msamaha huo. Ada ya ngazi ya chini ni KSh 4,000, na shule za umma hulipa hiyohiyo.

Tofauti nyingine imejificha kwenye ufafanuzi. Sheria ya Tanzania inaziweka taarifa zinazohusu watoto, zote kwa jumla, kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ila pale sheria yenyewe inaporuhusu. Kenya imepita njia nyingine. Kifungu cha 33 kinadai ridhaa ya mzazi au mlezi, na kazi yenyewe iwe kwa maslahi ya mtoto. Orodha yake ya data nyeti nayo imetaja afya, jinsi, kabila, imani, na maelezo ya familia pamoja na majina ya wazazi. Ukitazama fomu ya kujiunga ya shule ya Kenya, karibu nusu ya visanduku vyake ni nyeti ingawa hakuna aliyevifikiria hivyo.

Kwa Zanzibar mtu asiende haraka. Sheria ya 2022 haigusi mambo yasiyo ya Muungano upande wa Zanzibar, na elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Shule ya Unguja au Pemba isinakili fomu za Bara na kudhani imemaliza.

Matokeo: orodha ya wazi au mmoja mmoja

Uwazi wa Tanzania una faida zake, tusiubeze. Mzazi asiye na simu janja anapata karatasi iliyochapishwa shuleni au kwa mtendaji. Majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza na cha tano yakiwa hadharani, ni vigumu nafasi ya mtoto wa maskini kupewa mwingine kimyakimya, maana kijiji kizima kimeiona.

Gharama yake huja baadaye. Ukurasa wa matokeo haufi. Mtoto aliyefeli akiwa na miaka 13 anaweza kukutana na jina lake mtandaoni akitafuta kazi. Pia jina la mtoto na shule anayokwenda ni nusu ya mahitaji ya tapeli. Akishapata na namba ya simu ya mzazi, anapiga asubuhi: mwanao kaanguka shuleni, yuko hospitali, tuma hela ya vipimo haraka. Wazazi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaujua mchezo huu. Kinachoufanikisha ni mambo manne kukaa pamoja: jina la mtoto, shule, darasa na simu ya mzazi. Basi orodha yoyote yenye hayo manne ndiyo ya kulindwa kuliko zote, hata kuliko karatasi ya alama.

Kidato cha nne na cha sita NECTA hutoa namba ya mtahiniwa, jinsi, daraja na masomo, bila jina. Hiyo ni hatua, ila kinga yake ni nyembamba. Namba zinafuatana, na mwenye namba ya mwenzake anaweza kukisia inayofuata. Penye shule ndogo safu ya jinsi humaliza kazi: wasichana wakiwa watatu tu, mtaa mzima unajua nani ni nani. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza wanafunzi na shule zilizoongoza kitaifa. Walioongoza walipoteza sifa za magazetini, lakini shule nyingi zikapungukiwa na kisingizio cha kubandika vyeo vya watoto ukutani.

Upande wa Kenya mlango una kufuli, ila ufunguo wake ni rahisi. Namba ya mtihani ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ina tarakimu 11: nane za shule na tatu za mtahiniwa. Mwenye orodha ya watahiniwa wa shule, yenye namba na majina, anafungua matokeo ya yeyote. Orodha hiyo ndiyo hubandikwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kisha ikasahaulika hapo, au hupigwa picha na kutumwa kwenye kundi la wazazi ili wahakikishe majina. Uvujaji wa pili ni karatasi ya matokeo ya shule nzima, ambayo huwa kwenye WhatsApp kabla mzazi hajafungua tovuti. KNEC imefunga, shule imefungua.

Kwa matokeo ya ndani ya shule, fuateni njia ya Kenya kwa mtoto na njia ya Tanzania kwa takwimu. Kila mzazi apate ya mwanawe peke yake. Jamii ipate hesabu: waliofanya ni wangapi, waliopata kila daraja wangapi, wastani wa kila somo. Kundi likiwa na watoto chini ya watano, msitoe hesabu ya daraja. Unganisheni makundi, kwa sababu namba ndogo hutaja mtu bila kumtaja.

PReM na NEMIS: tatizo la jina

Tanzania Bara mwanafunzi wa msingi ana namba ya PReM, mfumo wa NECTA, inayomfuata akihama. Kenya ilimpa mwanafunzi namba yake ya pekee, UPI, kupitia NEMIS, mfumo wa taifa wa taarifa za elimu, na kuipata kulihitaji namba ya cheti cha kuzaliwa. Kwa kuwa fedha za ruzuku kwa shule ziliambatanishwa na idadi iliyomo kwenye mfumo, mtoto asiye na cheti alikuwa darasani lakini hakuhesabika. Tatizo lingine ni uhamisho. Shule ya zamani isipomwachia mtoto kwenye mfumo, shule mpya haiwezi kumsajili, na zipo shule zinazotumia hilo kudai ada. Mzazi asiondoke shule ya kwanza kabla hajaona kwamba uhamisho umefanyika mfumoni, si kwenye barua tu.

Kosa linalosumbua zaidi pande zote mbili ni tahajia. Jina likiandikwa Athuman PReM na Athumani kwenye cheti cha kuzaliwa, tofauti hiyo husafiri mpaka cheti cha mtihani, na kuirekebisha baada ya hapo ni safari ndefu ya viapo na ofisi. Haki ya kusahihisha taarifa imo kwenye sheria zote mbili, na Kenya ombi la kusahihisha lina siku 14. Njia iliyo rahisi ni kila mwanzo wa mwaka kumchapishia mzazi karatasi moja yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsi na namba ya mtoto kama vilivyo mfumoni, akasoma, akasahihisha kwa kalamu nyekundu na kutia saini. Fanyeni hivyo angalau mwaka mzima kabla ya darasa la mtihani.

Pa kuziweka

*Jalada na rejista.* Karatasi haidukuliwi kutoka mbali, na shule yenye wanafunzi 150 inaweza kuishi nayo vizuri. Hushindwa kwa sababu za kawaida: mchwa, paa linalovuja, na kabati ambalo ufunguo wake unaning'inia hapohapo. Wekeni kabati la chuma lililoinuliwa sentimita kadhaa kutoka sakafuni, funguo mbili tu, na daftari la kuchukua jalada lenye jina la mwalimu, tarehe, sababu na saa ya kurudisha. Rejista ya uandikishaji ipigwe nakala kila mwisho wa mwaka na nakala ikae jengo lingine, kwa sababu miaka 30 baadaye mtu atakuja kuthibitisha kwamba alisoma hapo.

*Excel.* Ni nafuu na kila karani anaijua, ndiyo maana makosa yake ni mengi. La kwanza ni mtu kuteua safuwima ya alama peke yake na kuipanga kutoka juu kwenda chini huku majina yakibaki palepale. Alama za Neema zinakuwa za Juma, na hakuna anayegundua mpaka mzazi alalamike. Teueni jedwali zima kabla ya kupanga. La pili ni safuwima iliyofichwa. Karani anaficha simu za wazazi, anatuma faili, na anayepokea anazifichua kwa kubofya mara mbili. Msitume kitabu cha Excel nje ya ofisi. Tumeni PDF ya kile kinachohitajika tu. La tatu ni kuchanganya kufuli mbili: ile ya kuzuia kuhariri haifichi kitu, bali nywila ya kufungulia faili ndiyo inayofumba yaliyomo. Nywila hiyo ikipotea faili limepotea nalo, kwa hiyo iandikwe, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kuwekwa kwenye sefu. Flashi ya kubebea mitihani isiwe ndiyo inayobeba taarifa za wanafunzi, maana hupita kwenye kompyuta za kila duka la kuchapisha mjini.

*WhatsApp.* Kundi la darasa ni zuri kwa tangazo la kikao. Kwa taarifa ya mtoto ni baya kuliko vyote hapa. Kila mzazi anaona namba ya kila mzazi, na ukituma orodha ya wanaodaiwa ada umewaanika watoto mbele ya majirani. Wengine hutumia orodha ya matangazo, ambayo hupeleka ujumbe kwa kila mtu peke yake. Ina kikomo cha watu 256, na asiyehifadhi namba ya shule kwenye simu yake hapati kitu, kwa hiyo mzazi atasema hakuambiwa na atakuwa mkweli.

Ujumbe mfupi wa kawaida unashinda hapa. Herufi 160 zinatosha: "Na. 1047 muhula wa 1: Hisabati 62, Kiswahili 74, Kiingereza 58, Sayansi 66. Maswali: fika ofisini." Tumia namba ya uandikishaji, usiandike jina, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda hurudishwa sokoni na ujumbe unaweza kumfikia mgeni. Thibitisheni namba za wazazi kila muhula, siku ya kufungua shule, mzazi akiwa amesimama mbele yenu na simu yake ikiita.

*Mfumo wa kukodi mtandaoni.* Shule ikivuka wanafunzi 400 hivi, makaratasi yanaanza kuwashinda wenyewe, na mfumo unaofaa humpa kila mzazi mlango wake. Tatizo ni kwamba sasa siri zenu ziko kwa mtu mwingine huku lawama zikibaki kwenu. Desemba 2024 wadukuzi waliingia PowerSchool, mfumo mkubwa wa shule za Marekani na Kanada, kwa kutumia nywila iliyoibwa ya lango la huduma kwa wateja. Bodi ya shule ya Toronto ilikuta kumbukumbu zilizoguswa zinarudi nyuma hadi 1985. Waliomaliza shule zamani waliingizwa kwenye balaa kwa sababu tu hakuna aliyefuta.

Kabla ya kutia saini, muulizeni muuzaji haya na majibu yaingie kwenye mkataba. Seva iko nchi gani? Kanuni za Kenya za 2021 zinataka anayetoa elimu ya awali, ya msingi na ya sekondari achakate data kupitia kituo kilicho Kenya, au abakize humo angalau nakala moja inayotumika. Tanzania, kupeleka taarifa nje ya nchi kunahitaji kibali cha Tume. Ikivuja atawaambia lini? Kenya sheria inampa mchakataji, yaani muuzaji huyo, saa 48 kuiarifu shule. Mkataba ukiisha mtapewa taarifa zenu kwa muundo gani, na yeye atafuta lini nakala zake? Muuzaji anayebabaika kwenye swali hili la mwisho aachwe, kwa sababu ndiyo namna shule zinavyonaswa: ada ya mfumo inapanda, na alama za miaka sita haziwezi kutoka. Kila mwalimu awe na jina lake la kuingilia. Nywila moja ya ofisi nzima ina maana siku alama zikibadilishwa hamtajua nani.

Picha

Hapa Kenya iko mbele kwa vitendo. Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya KSh 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Shule za Tanzania zisingoje mfano wa kwao. Sheria yao inaziweka taarifa za watoto kwenye daraja kali zaidi.

Sentensi moja iliyozikwa ukurasa wa nne wa fomu ya kujiunga, "mzazi anakubali picha kutumika", haitoshi. Tengenezeni karatasi ya peke yake yenye visanduku tofauti: ubao wa ndani, jarida la shule, tovuti, mitandao ya kijamii, tangazo la kulipia. Mzazi anaweza kukubali kimoja na kukataa kingine, na kukataa kusimnyime mtoto nafasi ya kuimba kwenye mahafali. Mpiga picha aambiwe mapema. Njia ya kawaida ni kuwapanga wasioruhusiwa upande mmoja wa jukwaa bila kuwatangaza. Na picha isibebe jina, darasa na nembo ya sare kwa pamoja.

Msichokusanya hakivuji

Fomu nyingi za pande zote mbili zimerithiwa, na zinauliza mambo ambayo hakuna anayekumbuka sababu yake. Kabila lifutwe. Dini ibaki ikiwa kuna vipindi vya dini, vinginevyo iondolewe. Cheti cha kuzaliwa kitazamwe, namba iandikwe, kirudishwe hapohapo. Rundo la nakala za vyeti kwenye droo ni zawadi kwa mwizi. Mzio, pumu, kifafa na dawa za kila siku vinahitajika, lakini kwa mwalimu wa darasa na matroni, si kwenye jalada linalopitia mikono ya kila mtu. Hali ya virusi vya UKIMWI isiulizwe kabisa. Nchi zote mbili zina sheria zinazolinda siri hiyo, ya Kenya ya 2006 na ya Tanzania ya 2008.

Eneo moja linalopuuzwa ni sababu ya kuacha shule. Tangu Novemba 2021 msichana wa Tanzania aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na Kenya ina mwongozo wake wa kurejea. Lakini rejista ikiandikwa "mimba" kwa wino mwekundu, anarudi kwenye darasa ambalo wote wameshasoma. Andikeni "amesimama masomo kwa muda" kwenye rejista. Maelezo, yakihitajika, yakae kwenye bahasha kwa mwalimu wa malezi.

Ikivuja

Shule yenye matawi nchi zote mbili ishike lililo kali kila upande: afisa aliyeteuliwa kama Tanzania, na saa 72 kama Kenya. Saa zinahesabiwa tangu mlipojua, hata kama ni Ijumaa jioni.

Kwanza zuieni. Badilisheni nywila, futeni kiungo, ombeni aliyepokea kimakosa afute na athibitishe kwa maandishi. Msifute ushahidi wenu wenyewe. Pigeni picha ya skrini kabla ya kugusa kitu. Kisha andikeni ukurasa mmoja: nini kimetoka, cha watoto wangapi, lini, kwa njia gani, nani anaweza kuwa nacho, mmefanya nini. Ukurasa huo uende kwa msimamizi ndani ya muda hata kama hamjajua yote; mengine yataongezwa baadaye.

Wazazi waambiwe kilichotoka kwa jina lake. "Kumetokea changamoto ya kimfumo" hakumsaidii mtu. "Namba yako ya simu na darasa la mwanao vimeonekana na watu wasiohusika, ukipigiwa na mtu anayedai mtoto ameumia na kutaka hela, kata, kisha piga namba ya ofisi uliyonayo kwenye daftari la mtoto" humpa la kufanya jioni hiyohiyo, kabla tapeli hajapiga.